Silinda ya Nne

Saa tano na robo usiku, Trondheim, Februari.
Theluji imeziba dirisha la maabara hadi nusu,
na Ingunn Aasgaard, mwenye goti la chuma na miaka sitini na mitatu,
anakoroga unga wa kijivu
kwa maji yaliyopimwa kama dawa ya mtoto.
Haongei. Anayehesabu haongei.
Mimi, mwanagenzi, nashika saa.

Mchana walikuwa wamepiga simu kutoka darajani:
zege limemwagwa jana, baridi kali, mkandarasi ana haraka,
je, mbao za egemeo ziondolewe lini?
Je, zege changa labeba mzigo
kabla halijajua kwamba ni zege?
Nikajibu upesi, kijana wa vitabu:
Udongo uwahi ungali maji.
Ingunn akanitazama juu ya miwani.
"Uuwahi kwa kidole," akauliza, "au kwa kisigino?"

Saruji, usidhani imelala.
Saa za kwanza husikii kitu,
tope limetulia, utasema limesusa.
Weka kiganja juu ya kopo: lina homa.
Maji yanazing'ata punje pembeni, pembeni,
na kila kidonda kinaota miiba,
myembamba kuliko uzi wa buibui,
inayopapasa gizani ikitafuta miiba ya jirani.
Ikishikana, hapo ndipo jiwe linapoanza:
si unga tena, si maji tena,
kitu cha tatu, kisicho na njia ya kurudi.

Silinda ya kwanza tuliiacha huru.
Ya pili, ilipotimiza saa sita, tukaipa uzito kidogo,
kama mtu anavyoegemea mlango akizungumza na jirani.
Ya tatu tuliibana kwa nguvu zote za mashine
na mshale wa kipimo ukaruka, ukarudi, ukatetema.
Ya nne iliniponyoka.
Sikusema. Niliiokota nikairudisha kwenye foleni.
Ingunn aliandika kitu daftarini bila kuinua uso.

Asubuhi, chini ya hadubini,
iliyoachwa huru ilikuwa na vyumba vingi vitupu,
kama nyumba ya tajiri asiye na watoto.
Iliyoegemewa niliitazama mara tatu.
Pale punje zilipobanana uso kwa uso
jiwe lilikuwa limeyeyuka, kidogo tu,
likasafiri ndani ya maji yake lenyewe,
likaenda kuota penye nafasi.
Kumbe kinachofinywa hakipotei.
Kinahama.

Ya tatu ilikuwa na ufa.
Miiba ilivunjika kabla haijajuana.
Nikasema hii ni ya kutupa.
Akaichukua, akaizamisha kwenye ndoo, akaifunika na sahani.
"Ndani mna unga ambao haujanywa."

Kisha akapiga simu darajani:
keshokutwa, saa nane mchana, wala si kabla,
na mlegeze kabari moja moja.
Mkandarasi akafoka.
Ingunn akaishika simu mbali na sikio, akaangalia theluji,
mpaka yule mtu akaishiwa.
"Si uzito unaonitia hofu," akamwambia. "Ni saa."

Siku ya kumi na mbili tuliifunua ndoo.
Ufa ulikuwa umejaa chokaa, mweupe, kama kovu la utotoni.
Haikupata nguvu za ndugu yake, la,
lakini maji hayakupita tena.

Alipostaafu aliniachia daftari, na kijiko cha kukorogea.
Nililifungua nikiwa ndani ya tramu, nikapitiliza kituo changu.
Ukurasa wa usiku ule, mwandiko wa kalamu ya risasi:

*Na. 1, huru. Na. 2, imeegemewa. Na. 3, imebanwa mno.
Na. 4, imeanguka saa sita na dakika arobaini.
Kijana hajasema.
Asibanwe bado.*